Sifuri Ambayo Haikuandikwa

Kaimu si jina alilopewa na wazazi wake. Ni cheo, tena cheo cha kupita, kile anachopewa mtu mkubwa wake akisafiri au akiugua, akae kitini wiki mbili tatu kisha anyanyuke. Yeye alikikalia miaka tisa. Alikuwa kaimu mkuu wa famasia ya hospitali hadi wauguzi wapya wakadhani ndivyo alivyobatizwa, wakawa wanamwandikia kwenye fomu: Bwana Kaimu. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alirekebisha kwa kalamu. Baadaye akaacha, maana mtu atarekebisha mangapi?

Wakubwa walimwambia akitaka kuuvua huo ukaimu sharti awe na shahada ya uzamili ya usimamizi wa famasia. Basi akiwa na miaka arobaini na minne, mvi zishampigia hodi kisogoni, akajiandikisha chuoni, masomo ya Jumamosi. Watu wakasema ana uroho wa madaraka. Waseme. Cheo alikitaka, tusidanganyane hapa, nani asiyetaka? Lakini si cheo kilichomtoa kitandani kila Jumamosi alfajiri na begi begani kama mtoto wa shule. Kilichomtoa ni mama yake mzazi.

Habari yenyewe ni hii. Miaka sita iliyopita, siku ya Jumanne, dada yake mdogo, kitindamimba wa nyumba yao, aliletwa hospitalini na uchungu. Alikuwa amevimba uso na miguu, kichwa kinamgonga, na kabla hajafikishwa kitandani akaanza kutupwa na kifafa cha mimba. Mkunga alikuja mbio famasia kuomba sindano za magnesiamu, dawa ya kutuliza kifafa hicho. Hakumtuma mtu, alikuja mwenyewe, glavu mkononi. Kaimu akamnyang'anya msaidizi wake funguo, akaenda stoo, akafungua lile kabati la chuma la sindano. Rafu ya tatu kutoka juu. Ilikuwa tupu. Kulikuwa na boksi moja limefunguliwa, na ndani yake kikaratasi cha maelezo basi. Alikipekua kile kikaratasi, masikini, kana kwamba dawa ingekuwa imejificha chini yake. Akapiga simu hospitali ya jirani. Dawa ikaja baada ya saa mbili. Dada yake alikuwa ameshaaga dunia, na mtoto tumboni mwake.

Baada ya wiki mbili iliitwa kamati ya kuchunguza kifo kile. Kaimu hakuingizwa, kwa kuwa ni ndugu wa marehemu. Familia iliitwa kusomewa matokeo. Mkuu wa wauguzi akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya upole: dawa zote muhimu zilikuwepo stoo, mgonjwa alifikishwa hospitalini kwa kuchelewa.

Aliyemfikisha ni mama yao. Na kweli alichelewa, saa mbili na ushee. Alfajiri ile alikuwa amefua nguo za mtoto anayekuja, vile vishati na vishuka, akasema wasiondoke mpaka zikauke, mtoto asije akafungwa kwenye nguo mbichi. Aliposikia neno "kuchelewa" akakaa chini sakafuni mbele ya watu wote, kanga ikamtoka kichwani.

Kaimu alikuwa amesimama pembeni yake. Alijua. Alikuwa ameiona rafu kwa macho yake mawili. Ulimi ukamfa kinywani. Yeye ndiye kaimu mkuu wa famasia, kabati lile ni lake, kuishiwa kule ni kwake, angeanzia wapi? Alijiambia kamati imeamua tu kulindana, wala haikuangalia kadi. Alijiambia atamweleza mama akishatulia. Mama hakutulia. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kila alipokwenda kumsalimia alimkuta na sentensi ileile: "Ningemchukua tu na nguo mbichi." Kila akimeza mate aseme, neno linarudi chini. Aliogopa, huo ndio ukweli wake. Mtu mzima mwenye watoto watatu anamwogopa mama yake.

Ndipo alipopata akili ya kisomi. Asiposema yeye, zitasema namba. Ataandika utafiti juu ya kuishiwa dawa katika stoo za hospitali. Atachukua dawa kumi na tano za kuokoa maisha, afuate kadi zao siku kwa siku, miaka minane, na katikati ya jedwali moja itatokea ile Jumanne na sifuri yake. Kitabu kitapigwa muhuri wa chuo. Atakipeleka kwa mama, atakifungua ukurasa huo, ataweka kidole: ona, mama, hapa. Hukuchelewa wewe. Hata ungefika alfajiri na nguo zikidondoka maji, dawa haikuwepo.

Mama alipoambiwa kwamba mwanawe anaandika kitabu juu ya siku ile, hakuuliza kitasema nini. Aliuliza kitakwisha lini. Tangu hapo, kila ziara, akishapokewa mkoba na kuulizwa habari za watoto: "Na ile kazi ya mdogo wako, umefika wapi?"

"Inakwenda, mama. Inakwenda."

Ilikwenda kwa kujikokota. Darasa lilikuwa ghorofa ya tatu, viti vyenye vimeza vya kukunja ambavyo tumbo lake halikuvipenda. Wenzake walikuwa vijana wa makampuni ya dawa, wamevaa viatu vyenye ncha, wakimwita "mzee wa stoo" kwa mapenzi na kejeli nusu kwa nusu. Uchumi wa dawa aliuelewa kuliko mwalimu. Sheria za dawa alizijua kwa kupigwa nazo. Takwimu ndizo zilizomtoa kamasi. Alirudia mtihani wa takwimu mara mbili, akaongezewa muda wa usajili mara mbili, na mara ya pili barua ilisema wazi kwamba hakuna ya tatu. Kazi iwe imekabidhiwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kabla ya saa kumi jioni, la sivyo usajili umekufa.

Aliyekuwa akimsimamia alikuwa dada mmoja mwenye shahada ya uzamivu, mdogo kwake kwa miaka kumi na tano. Zamani aliwahi kuja pale hospitalini kufanya mazoezi, na Kaimu ndiye aliyemfundisha kuhesabu vidonge vitano vitano kwenye sinia kwa kijiko bapa bila kuvigusa. Sasa yeye anamwita "Dokta", naye anaitwa "kaka". Heshima ilikuwa pande zote, na aibu kidogo pande zote pia.

"Kaka, data yako ni safi mno," Dokta alimwambia aliposoma dawa kumi na nne za mwanzo. "Nimesimamia watu wengi, sijaona kadi zilizojazwa hivi. Hakuna hata siku iliyorukwa."

Kaimu akavimba kichwa. Kwa nini asivimbe? Ukimwuliza ni jambo gani moja amelifanya katika utumishi wake, angekutajia hilo hilo: kadi. Kila dawa stoo ina kadi yake ngumu, inaning'inia mbele ya boksi, na kila siku inaandikwa zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Inavyofanyika ni kwamba watu wanatingwa, kadi zinalala wiki tatu bila kuguswa, halafu zinakuja habari kwamba wakaguzi wako njiani. Hapo stoo nzima inakaa chini na kadi mapajani na kuzijaza kurudi nyuma, siku baada ya siku, kwa kukisia. Wenyewe waliita kuogesha kadi. Kulikuwa na ustadi wake. Unatumia kalamu tatu za bluu tofauti, ili ionekane ni siku tofauti. Unaandika moja umesimama, nyingine umekaa, mkono ubadilike. Na kubwa kuliko yote, huandiki sifuri. Ukiandika sifuri, mkuu wako anaandikiwa barua ya kujieleza: iliishaje, kwa nini hukuagiza mapema, hatua gani umechukua. Kwa hiyo dawa ilikuwa haifiki sifuri kwenye kadi hata kama rafuni mmebaki na vumbi. Inashuka hadi sita, nne, mbili, halafu inapanda.

Yeye mwenyewe enzi zake za ujana alikuwa fundi wa kuogesha kadi, hakuna aliyemfikia. Lakini siku alipopewa ukaimu aliamka mtu mwingine. Aliandika tangazo kwa herufi kubwa, akalibandika mlangoni mwa stoo kwa mkono wake: NI MARUFUKU KUJAZA KADI KWA SIKU ZILIZOPITA. Na utafiti wake ulianzia hapo hapo, siku ya tangazo, ukaja mbele miaka minane. Alikuwa na uhakika na kadi hizo kama alivyo na uhakika na vidole vyake.

Kweli, katika zile dawa kumi na nne sifuri zilikuwa chache. Chache mno. Mtu mwingine angejikuna kichwa. Yeye alijisikia vizuri, akajiambia kumbe enzi zangu mambo hayakuwa mabaya hivyo. Sifa ni tamu jamani, hasa ukijisifu mwenyewe.

Kadi za dawa ya kumi na tano, ile magnesiamu, aliziacha za mwisho. Ziliwekwa kwenye bahasha ya kaki ndani ya droo, miezi saba. Hakuwa na haraka ya kuona tena ile Jumanne. Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, siku nne kabla ya mlango kufungwa, alisubiri wenzake waende chakula cha mchana, akaitoa bahasha, akafungua kompyuta, akaanza kuingiza namba.

Alifika mwaka ule. Akafika mwezi ule. Akaanza kwenda polepole, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Jumamosi, hamsini na mbili. Jumapili, hamsini na moja. Jumatatu, arobaini na nane. Jumanne.

Arobaini na sita.

Alidhani ameruka mstari. Akaweka rula. Jumanne, tarehe ileile ambayo imechongwa kwenye msalaba wa dada yake, zilizobaki arobaini na sita. Akageuza kadi nyuma, akaigeuza tena mbele. Arobaini na sita haikwenda popote. Halafu macho yakaanza kufanya kazi yake, yale macho ya fundi wa zamani, na yakaona alichokuwa amekataa kukiona kwa miaka minne. Jumapili stoo hufungwa. Nani alitoa chupa moja Jumapili? Bluu ya Jumamosi imepauka, ya Jumatatu imekolea, ya Jumanne imepauka tena. Kalamu tatu. Kadi ilikuwa imeogeshwa ikatakata.

Akavuta makabrasha ya dawa nyingine. Hakuhitaji kusoma, alihitaji kuangalia tu. Jumapili zimejazwa. Sikukuu zimejazwa. Sita, nne, mbili, halafu juu. Dawa kumi na nne, miaka minane, Jumamosi zote zile alizokosa harusi za watu na michezo ya watoto wake, data safi mno. Akaweka kichwa juu ya meza.

Mama Stoo ndiye aliyemkuta hivyo. Mama Stoo ni mtunza ghala wa famasia, mwanamke mnene wa maneno machache, amekaa stoo miaka thelathini na moja, na alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Aliiona kadi iko juu ya meza, akaitambua kabla ya kuisoma. Akavuta kigoda.

"Hiyo nilitaka kuichana siku nyingi," alisema.

"Mama Stoo, nilibandika tangazo."

"Ulibandika. Lipo mpaka leo, gundi imekauka tu." Akaisogeza kadi pembeni. "Bosi, wewe ulibandika tangazo, wakubwa wa juu wakaendelea kuandika barua za kutaka ujieleze. Mwezi wa kwanza tuliandika sifuri nne, unakumbuka? Ukaitwa juu. Ukarudi umekunja uso, ukasema safari hii wataniondoa. Sasa mimi nifanye nini? Nikuache uondoke waje watuletee mtu hatumjui?"

"Kwa hiyo mkaendelea."

"Tukaendelea. Taratibu, usione. Unadhani umekaa kaimu miaka tisa bila barua kwa uzuri wako?" Akainua vidole vitatu. "Na mtu alinifundisha. Kalamu tatu, moja umesimama, moja umekaa. Nani alinifundisha mimi hayo?"

Ni yeye Kaimu aliyemfundisha. Mchana mmoja wa joto, wote bado vijana, amekaa kwenye boksi la dripu anamwonyesha jinsi ya kuugeuza mkono.

"Lakini hii, Mama Stoo." Akagonga kadi kwa kidole. "Hii ya siku hii. Uliijua ni siku gani."

"Niliijua." Machozi yalikuwa yameshamjaa. "Wewe ulikuwa matangani. Kamati ikasema inataka kadi kesho saa tatu. Nikaifungua, haijaandikwa kitu tangu mwezi uliopita. Nikawaza, nikiandika sifuri, huyu mtu amemzika dada yake juzijuzi tu, na kesho wanampa barua ajieleze kwa nini alimwua. Nikasema hapana. Nilikuonea huruma, kaka yangu. Mungu ananiona, nilikuonea huruma tu."

Kaimu aliirudisha kadi kwenye bahasha. Angemgombeza, angemgombeza kwa lipi? Alijaribu kupandisha hasira ikagoma.

"Sikuombi kitu," Mama Stoo alisema akiinuka. "Ikibidi unitaje, nitaje. Nimekula mshahara wa kutosha hapa." Akatoka, na mlangoni akajifuta uso kwa kitambaa cha kufutia rafu.

Jumatano alikwenda kwa Dokta. Ofisi ilikuwa ndogo, dirisha linatazama maegesho ya magari, juu ya kabati kuna mimea miwili imekauka na mmoja unajitahidi. Alimwekea ile kadi mezani, akamweleza habari ya dada yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumweleza mtu. Ajabu ilivyotoka kwa urahisi kwa mtu asiyehusika.

Dokta alisikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, kaka. Pole kweli kweli." Akaishika kadi. "Siku hiyo ulifungua kabati mwenyewe?"

"Kwa mkono huu."

"Uliandika mahali popote? Daftari, ujumbe wa simu?"

"Sikuandika."

"Aliyeona mwingine?"

"Mkunga. Alikwenda kufanya kazi nchi za mbali, namba yake haipatikani."

Dokta alivua miwani akaikunja. "Basi hiyo ni kumbukumbu yako. Kumbukumbu siwezi kuiweka kwenye jedwali."

"Nikate arobaini na sita niweke sifuri. Ni sifuri moja tu, Dokta. Namba elfu arobaini na tatu, mimi naomba moja."

"Ukifanya hivyo, utakuwa umefanya nini tofauti na aliyeandika hii?"

Alijua. Alikuwa ameshajiuliza mwenyewe njiani, akatumaini mwalimu wake hataliona hilo. Lakini yeye Kaimu ndiye aliyemfundisha kuona, enzi zile za sinia na kijiko.

Dokta aliitazama kadi tena, safari hii kwa muda mrefu. Kaimu alimwona anafika kwenye Jumapili. Aliona kidole chake kinasimama pale. Halafu akairudisha kadi mezani, akaitelezesha hadi upande wa Kaimu, akaondoa mkono.

"Kaka, nisikilize vizuri. Kama kadi mbovu ni hii moja, itoe, zibaki dawa kumi na nne, kitabu kinasimama na unahitimu. Kama kuna jambo juu ya zile kumi na nne, ukiniambia nitalazimika kuiandikia kamati ya maadili, na kamati itaandikia hospitali, na hospitali itatafuta mtu. Unanielewa? Sijauliza. Bado sijauliza."

Alielewa. Mama Stoo, miezi minane. Miaka thelathini na moja ya kubeba maboksi mgongoni, na kiinua mgongo chake kuliwa na kalamu tatu alizopewa na yeye.

"Ijumaa, kabla ya saa kumi," Dokta alisema kwa sauti ndogo. "Lete unachoweza kukisimamia."

Alhamisi alichapisha kitabu. Ndiyo, alikichapisha, msimfanye malaika. Kurasa mia moja na kumi na mbili, jalada la bluu. Alikuwa ameitoa dawa ya kumi na tano. Lakini sura ya tano ilibaki na sentensi ambayo hakuna namna ya kuiondoa bila kuondoa kitabu chote, kwani ndiyo iliyokuwa jibu la utafiti: katika miaka minane, hospitali hii iliishiwa dawa za kuokoa maisha kwa nadra sana, vifo vitafutiwe sababu kwingineko, ikiwemo kuchelewa kwa wagonjwa kufika. Takwimu zilisema hivyo. Yeye aliziandika kwa lugha nzuri tu, na chini yake kuna jina lake, lile la kweli, si Kaimu.

Ijumaa saa nane na nusu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya usajili, kitabu mapajani. Vijana wa viatu vyenye ncha walipita, wakakabidhi, wakapiga picha. "Mzee wa stoo, leo ndiyo leo!" mmoja alimrushia. Akapunga mkono. Saa tisa. Alikifungua sura ya tano, akaisoma, akakifunga. Alijiona anampelekea mama. Anafungua ukurasa, anaweka kidole, na mama, ambaye husoma polepole kwa kutamka kila silabi, anatamka: ku-che-le-wa.

Saa kumi kasorobo karani alichungulia. "Mzee, unaingia? Tunafunga."

"Namsubiri mtu," alisema.

Saa kumi kamili karani alivuta mlango, akageuza ufunguo mara mbili, akampa pole ya safari akidhani ni mzazi wa mwanafunzi. Kaimu hakuwa ameamua kitu. Ukimwuliza leo atakuambia hivyo, hakuamua. Alikaa tu mpaka saa ikapita, kama alivyokaa siku ile mbele ya mkuu wa wauguzi, na ndivyo shahada ilivyokwenda na maji. Kitabu alikitumbukiza kwenye pipa la karatasi chakavu ghorofa ya chini, kisha akarudi akageuza jalada liangalie chini.

Jumamosi, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, hakuwa na darasa. Akaenda kwa mama. Njia nzima alikuwa anajisemesha kwa sauti kama mwendawazimu. Namba zimekataa kusema, basi. Atasema yeye. Miaka sita kachelewa, lakini atasema, na mama atamlaani, atamtukana, atamfukuza, atakachofanya ni haki yake, ila ule mzigo wa kuchelewa utakuwa umetoka kichwani kwa mama.

Mama alikuwa uani, anaanua nguo. Akamshika mkono, akaulizia wajukuu. "Na ile kazi ya mdogo wako, umefika wapi?"

"Mama, kaa kwanza."

"Nimekaa miguu inaniuma, nimesimama inaniuma. Sema."

"Mama, siku ile dawa haikuwepo."

Akaendelea kukunja.

"Mama, unanisikia? Nilifungua kabati mimi mwenyewe. Ilikuwa tupu. Hata ungemleta alfajiri, ilikuwa tupu. Hukuchelewa wewe. Famasia yangu ndiyo iliyoishiwa, na mimi nilijua, nikanyamaza. Nisamehe, mama." Alikuwa analia sasa, mwanaume wa miaka arobaini na nane, uani, mbele ya kamba ya nguo.

Mama aliweka nguo begani. "Kitabu ndivyo kilivyosema?"

"Hakuna kitabu. Nimekiacha. Karatasi zote za hospitali ni za uongo, mama, zote, tunaziandika wenyewe."

"Umekiacha." Alilirudia neno polepole. Halafu akanyoosha mkono akamgusa shingoni, kwa nyuma ya vidole, vile alivyokuwa akimpima homa utotoni. "Umechoka, mwanangu. Umesoma mno, na kitabu kimekataa kusema ulichotaka. Sasa unakuja kunitua mzigo kwa maneno. Nashukuru. Mtoto mwingine asingefanya hivyo."

"Mama, ni kweli."

"Walinisomea ile karatasi na wewe umesimama hapa, bega kwa bega na mimi. Ingekuwa uongo, mwanangu, si ungesema palepale?"

Kaimu akafungua mdomo. Mama akasubiri kidogo, kwa upole, halafu akamgeukia mgongo, akatoa vibanio kwenye kamba kimoja kimoja.

"Shika huko," alisema, akimpa ncha ya shuka. "Bado ina unyevu, lakini tuikunje hivyohivyo."